Mzee Anayetetemeka: Tumsaidie Bila Kumnyang'anya Kazi Zake

Safari hii tunaomba tuongee juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tunauona kwa macho, kanisani siku ya Dominika au barazani jioni, lakini jina lake hatulijui. Ni ugonjwa wa Parkinson, ambao wengine huuita ugonjwa wa kutetemeka.

Tuanze na mzee mmoja wa huku kwetu Kiwangwa. Aliletwa hospitali wakati wa msimu wa mananasi, amepakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na kijana wake ili asianguke. Kijana alitueleza kwamba baba amekwisha. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka miaka minne nyuma, ukafuata mguu, halafu akawa anatembea kwa vihatua vidogo vidogo kama mtu anayetaka kuanguka kifudifudi. Watu wakasema jirani amemroga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mbuzi wakauzwa, kipande cha shamba la mananasi kikauzwa, mzee akazungushwa kwa waganga hadi upande wa Handeni. Mwisho wakamtengea chumba cha uani. Huko alikuwa akivalishwa, akiogeshwa na kulishwa kwa kijiko, na nje hatoki.

Tulimpa mzee kikombe cha chai mkononi, tukakijaza nusu tu. Kijana akanyosha mkono akichukue ili amnyweshe baba yake. Tukamwomba asubiri kidogo. Ilichukua muda mrefu, na matone kadhaa yalidondokea kwenye kanzu, lakini mzee aliimaliza chai ile mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, hata ikabidi tumsogelee: "Nyumbani hawaningojei."

Tangu siku ile neno hilo limebaki masikioni mwetu. Wanawe hawakuwa watu wabaya, la hasha. Walikuwa wanampenda, na walimfanyia kila kitu. Kumbe kule kumfanyia kila kitu ndiko kulikomfunga.

Ni ugonjwa gani huu?

Ndani kabisa ya ubongo wa kila mtu kuna sehemu ndogo inayotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Kazi yake ni kama ya mafuta kwenye mashine: inasaidia viungo vitii haraka na kwa ulaini yale tunayotaka kufanya. Kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hai zinazotengeneza dopamini zinakufa polepole kwa miaka mingi. Mpaka dalili zionekane wazi, zaidi ya nusu ya chembe hizo huwa zimekwisha kufa. Sababu hasa ya kufa kwake haijajulikana kwa wagonjwa walio wengi. Tunalojua kwa hakika ni kwamba ugonjwa huu hauambukizi, na mara nyingi haurithiwi. Huanza zaidi baada ya miaka 60, ingawa wako wachache wanaoupata wakiwa bado vijana. Daktari wa kwanza kuueleza vizuri katika kitabu alikuwa James Parkinson wa London, mwaka 1817, na ndiyo maana unaitwa kwa jina lake.

Kutetemeka kwenyewe kuna namna yake. Mkono hutetemeka zaidi ukiwa umetulia pajani, na kidole gumba husuguana na vidole vingine kama mtu anayehesabu punje za rozari. Akinyosha mkono kushika kitu, kutetemeka hupungua. Kuna wazee wengine ambao mkono umetulia vizuri lakini hutetemeka wanaposhika kikombe. Huo mara nyingi ni ugonjwa mwingine. Tena, kiharusi huja ghafla, leo mzima kesho upande umelegea, lakini Parkinson huja kwa kunyemelea, na karibu daima huanzia upande mmoja.

Wako pia wagonjwa wa Parkinson wasiotetemeka kabisa. Hao ndio wanaochelewa zaidi kutambuliwa, kwa sababu dalili yao kubwa ni viungo kukakamaa na kila kitu kwenda polepole. Mkono mmoja hauyumbi wakati wa kutembea. Mwandiko unakuwa mdogo, sauti inafifia, mtu anashindwa kujigeuza kitandani. Hata harufu ya samaki wa kukaanga haisikii tena, na choo kinakuwa kigumu. Na uso unakakamaa, haucheki wala haukunji. Mke wa yule mzee wetu alituambia kwa uchungu kwamba mumewe amemnunia mwaka mzima. Tulipomweleza kwamba ni misuli ya uso tu, na kwamba moyoni mzee hana kinyongo naye, alikaa kimya kitambo kirefu, halafu akaomba maji ya kunywa.

Je, si mambo ya kurogwa?

Tunaulizwa swali hili kila mara, nasi hatupendi kumcheka mtu anayeliuliza. Mtu akiona baba yake mwenye nguvu anageuka kuwa kama gogo, ni lazima atafute sababu. Lakini tazameni: ugonjwa huu haubagui kijiji wala cheo. Muhammad Ali, ambaye wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka alivyofika mjini kwao mwezi Februari 1980, aligunduliwa kuwa nao mwaka 1984, na dunia nzima ilimwona akiwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996 huku mkono unatetemeka. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alitutembelea hapa Tanzania mwezi Septemba 1990, akiwa bado na nguvu zake. Miaka michache baadaye mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka, na ugonjwa huu alikuwa nao hadi alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Alionekana mbele ya watu akiwa ameinama, uso umekakamaa, mate yanamtoka, wala hakufichwa chumba cha uani.

Hapa nchini wataalam walipita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2008. Kati ya watu 161,071 walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu ya hao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa nini. Hiyo ni Hai, yenye hospitali yake ya wilaya na KCMC si mbali. Sisi huku Pwani tusidhani kwamba kwetu wagonjwa wanatambuliwa mapema zaidi.

Dawa zipo

Ugonjwa huu hauponi, lakini dawa inayopunguza dalili ipo, tena ni nzuri. Inaitwa levodopa, na huchanganywa na nyingine iitwayo karbidopa katika kidonge kimoja. Ikiingia kwenye ubongo hugeuka kuwa dopamini. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kufunga vifungo vya shati huweza kuvifunga, na aliyekuwa akiburuta miguu hutembea. Tabu yake ni kwamba haipatikani kila duka la dawa. Hivyo msingoje kidonge cha mwisho kiishe ndipo mpande gari la kwenda Bagamoyo au Dar es Salaam. Mgonjwa akikatishwa dawa hii ghafla anaweza kukakamaa vibaya, homa ikapanda, na hata maisha yakawa hatarini.

Jambo la pili ni saa. Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika wodi moja mbali na hapa, baadhi yetu tulikuwa tukimpa mama mmoja mwenye Parkinson dawa zake pamoja na wagonjwa wote, toroli ya dawa inapopita. Yeye alizoea kumeza saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi na moja, lakini toroli ilifika saa tatu, pengine saa nne. Tulipomkuta amekakamaa kitandani, hawezi kunawa uso, tulimwambia ajitahidi, asijiendekeze. Bintiye ndiye aliyetufundisha. Alikuja na saa ya mezani, akaiweka pale kando ya kitanda, akatuonyesha saa ya mama yake kumeza dawa. Wiki ile ile mama akaanza kwenda bafuni mwenyewe. Kwa hiyo tunapowaambia kwamba dawa za Parkinson zina saa zake, tunasema kwa aibu ya kulijua jambo hilo tukiwa tumechelewa.

Dawa hii na nyama, samaki, mayai au maharage hugombania mlango mmoja wa kuingilia mwilini. Ni vizuri kuimeza kwa maji nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Mgonjwa asinyimwe maharage wala samaki, kwani atakonda, na wengi wao wanakonda hata bila kunyimwa. Akiona dawa ya mchana haifanyi kazi vizuri, basi samaki aliwe zaidi jioni.

Kuna dawa nyingine ya zamani ya kutetemeka iitwayo benzeksoli. Ni rahisi kupatikana, lakini kwa mzee huweza kukausha mdomo, kuziba mkojo na kumchanganya akili. Asipewe bila ushauri wa daktari. Tena ziko dawa ambazo zinaufanya ugonjwa huu uwe mbaya zaidi, au zinamfanya hata asiye na Parkinson aonekane kama anayo. Nazo ni baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili, kama haloperidoli na klopromazini, ile iliyojulikana sana kwa jina la Largactil, pamoja na dawa ya kuzuia kutapika ambayo wengi huiita Plasil. Popote mtakapompeleka mzee wenu, semeni mapema: huyu ana Parkinson. Na kama mtu anatumia dawa hizo za akili akaanza kukakamaa, asiziache mwenyewe, arudi kwa aliyempa.

Wengine hutuuliza juu ya upupu. Ni kweli kwamba mbegu za upupu zina levodopa ndani yake; wataalam wa India waliikuta humo tangu mwaka 1937, na katika nchi kadhaa wamezijaribu kwa wagonjwa. Lakini mbegu moja haina kipimo sawa na nyingine, na akizidisha atatapika na kichwa kitamzunguka. Kuzichanganya na vidonge vya hospitali ni kujitafutia makubwa zaidi. Msizichemshe nyumbani kwa kubahatisha.

Nyumba iwe hospitali ya kwanza

Huko Ulaya na Marekani ziko nyumba maalum ambamo mzee hukaa chumbani kwake, akifanya yake mwenyewe, na mhudumu yupo karibu kumsaidia pale tu anaposhindwa. Sisi tunayo makao ya wazee, kama Nunge kule Kigamboni na Njoro kule Moshi, lakini hayo yaliwekwa hasa kwa wasio na ndugu wa kuwatunza. Mgonjwa wetu wa Kiwangwa atatunziwa kwake. Lakini ile kanuni ya kumsaidia pale tu anaposhindwa, hiyo tunaweza kuifuata hata kwenye nyumba ya udongo.

Tuanze na kitanda. Kitanda cha kamba kilicholegea ni adui wa mgonjwa huyu, kwani anazama katikati na hawezi kujigeuza. Kazeni kamba au wekeni mbao chini ya godoro. Fungeni kamba nene yenye mafundo kwenye mguu wa kitanda upande wa miguuni, ili aivute anapotaka kuinuka. Akishakaa, angoje kidogo kabla ya kusimama, kwa sababu damu yake huchelewa kupanda kichwani. Kigoda kifupi kiondolewe, apewe kiti kirefu chenye mikono.

Chooni ndiko wengi wanakovunjikia nyonga. Kuchuchumaa ni kugumu kwake. Fundi seremala yeyote wa kijijini anaweza kutoboa tundu kwenye kiti imara kikawekwa juu ya shimo, na kuchimbia nguzo mbili za kushikia pembeni. Usiku pawe na taa au tochi mahali anapopajua.

Nguo nazo zina elimu yake. Mwacheni avae akiwa amekaa, aanze kuingiza ule mkono uliokakamaa zaidi, ndipo ufuate mzima. Msuli na kanzu ni rahisi kuliko suruali yenye vifungo. Kama kuvaa kunamchukua nusu saa, mwamsheni nusu saa mapema. Tunajua ni vigumu, hasa asubuhi ambapo kila mtu anakimbilia shamba. Lakini kiungo kisichotumika hukakamaa zaidi, na yule anayevalishwa leo kwa sababu ya haraka zetu, baada ya miezi michache atakuwa hawezi tena kuvaa kweli.

Miguu ikiganda

Mgonjwa anaweza kutembea vizuri uwanjani, akifika mlangoni miguu ikaganda kama imegundishwa. Watu hudhani anafanya makusudi, au ameona kitu kwenye kizingiti. Msimvute mkono, ataanguka. Simameni kando yake, mwambieni atulie, avute pumzi, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha ahesabu moja, mbili, tatu, aanze. Chorea mistari ya chokaa au majivu sakafuni karibu na mlango, kila hatua mstari wake, umwambie aikanyage. Hata fimbo iliyolazwa mbele ya mguu aivuke, inatosha. Kwa nini akili iliyoshindwa kutembea inaweza kuvuka fimbo? Ni kwa sababu ubongo unatumia njia nyingine, ile ya kufuata alama au mdundo.

Kule Hai wataalam walijaribu jambo hili kwa wagonjwa waliokuwa hawajaanza dawa yoyote. Waliwafundisha nyumbani kwao kutembea kwa kufuata mdundo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mwendo wao uliongezeka na hatua zikarefuka. Sisi wa Pwani hatuna haja ya kutafuta chombo cha kupiga mdundo. Ngoma tunazo na nyimbo tunazo. Mzee akitaka kugeuka asijizungushe pale pale, bali azunguke kwa duara pana kama gari. Na asibebe vitu kwa mikono yote miwili.

Wakati wa kula akae wima, kidevu kiiname kidogo, tonge liwe dogo, na asiongeleshwe akiwa anameza. Ugali uwe laini. Nanasi letu lina nyuzi, basi likatwe vipande vidogo sana au lisagwe. Papai, mboga za majani na maji mengi yatalainisha choo. Akikohoa kila anapokunywa, mleteni, kwa sababu chakula kinachopotea njia na kuingia mapafuni huleta nimonia, nayo ndiyo inayowaua wengi wa wagonjwa hawa.

Wako wanaoanza kuona watoto au watu wasiokuwepo chumbani, hasa jioni. Mara nyingi ni dawa imezidi, au ni homa, au ni ugonjwa wenyewe umesogea mbele. Msibishane naye wala msimpeleke kupungwa. Washeni taa, kaeni naye, kesho yake mleteni. Na mgonjwa anayelia bila sababu au asiyetaka kula, msimwone mkaidi. Huzuni ni sehemu ya ugonjwa huu, na ina matibabu yake.

Nani amtunze?

Katika nyumba ya mzee wetu kazi yote ilikuwa imeangukia watu wawili: mke wake, ambaye naye umri umekwenda, na mkwe wake, mke wa yule kijana. Mkwe huyu ndiye aliyekuwa akimwogesha baba mkwe. Kila mtu wa huku anajua mzigo wa jambo hilo. Mzee alifumba macho tangu maji yanapoletwa hadi taulo linapoondolewa, na mkwe alikuwa akitoka pale anakwenda kukaa jikoni peke yake. Hakuna aliyethubutu kulisema hadi tulipouliza.

Tuliwaita ndugu wote, pamoja na wale wawili wanaofanya kazi Dar es Salaam, ambao walikuwa wakituma pesa na kuhesabu kwamba wamemaliza. Kikao hakikuwa laini. Dada mkubwa alisema maneno makali, na pengine alikuwa na haki. Mwisho walikubaliana kwamba kuogesha ni kazi ya kijana mwenyewe, alfajiri kabla ya shamba. Wa Dar es Salaam mmoja anashika dawa, zisikatike, na mwingine anakuja kukaa wiki moja kila mwezi ili mama alale usingizi. Mambo ya kutembea alikabidhiwa mjukuu wa miaka kumi. Babu na mjukuu ni watani, hawaoneani haya. Mtoto humwambia, "Babu, leo umeshindwa na kuku," na mzee, ambaye uso wake haucheki, hucheka kwa tumbo.

Mzee alitumwa Muhimbili, akapata dawa. Hakurudi kuwa kijana. Wakati wa masika barabara za ndani ziliharibika, dawa ikachelewa siku mbili, naye akakakamaa tena mpaka ikafika. Lakini jioni nyingi sasa humwona amekaa kwenye kiti chini ya mwembe ukingoni mwa shamba, akipanga mananasi ya kuuza, makubwa huku na madogo huku. Anapanga polepole. Mnunuzi mwenye haraka huambiwa angoje.

Kama mnaye mzee wa namna hii nyumbani, mleteni hospitali iliyo karibu nanyi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, hivyo msikae nyumbani kwa kuogopa gharama kabla ya kuuliza. Mkija, chukueni dawa zake zote, za hospitali na za mitishamba, pamoja na karatasi mlikoandika saa anazomeza na saa anazokakamaa. Na aje pia yule anayelala naye chumba kimoja, kwa sababu ndiye anayejua usiku wake unavyokwenda.